Mashine Isiyojua Kukataa

Mkasi ana miaka arobaini na sita, mume mmoja, watoto wawili wasiotaka hata kusikia habari za kurithi kazi yake, na chumba cha kuhariria video ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mabomba ya maji. Jina la Mkasi alipewa na wapiga picha wanaomletea kazi. Wao hurekodi bila huruma, masaa manane kwa sherehe moja, zikiwemo dakika ishirini za kapeti pale mtu aliposahau kuizima kamera akaibeba begani kama mkoba. Kisha humletea mzigo huo kwenye diski na kumwambia neno moja: "Punguza." Naye hupunguza. Hotuba ya mjomba ya nusu saa huingia chumbani kwake ikiwa nzima, hutoka ikiwa dakika moja, na hakuna mjomba aliyewahi kulalamika, maana kila mjomba anakumbuka kwamba siku ile alisema machache tu.

Kazi hiyo hakuisomea popote. Alianza kwenye studio ya picha za pasipoti, akifuta chunusi za watu kwenye kompyuta. Siku bosi wake aliponunua kamera ya video, alimwita akamwambia, "Wewe si unafuta chunusi? Basi fanya hii nayo." Miaka kumi na tisa imepita, na maelekezo aliyopewa ni hayo hayo.

Kompyuta yake ilikuwa nzee. Kukata video iliweza, kwa kukohoa kidogo. Shida ilikuwa kurenda, yaani ile hatua ya mwisho ya kuunganisha vipande, rangi na sauti viwe faili moja la kumpa mteja. Hapo ilichukua masaa sita, feni ikilia kama mashine ya kusaga. Watu walimwonea huruma. Hawakujua kwamba masaa sita yale yalikuwa wakili wake. Akija shangazi wa bwana harusi na kulalamika kwamba ameonekana mara tatu tu, na mbili ni za mgongo, Mkasi alimjibu kwa upole:

"Naweza kukuongeza, shangazi. Ila mashine itaanza upya. Masaa sita."

Shangazi aliutazama mlango, akaitazama saa yake, akagundua kwamba video, kusema kweli, imependeza ilivyo. Kwa mtindo huo Mkasi alifika umri ule bila kuwahi kumwambia mteja "hapana". Mashine ilimsemea.

Akaja Mkurugenzi. Huyu ni mwenye chuo cha ushonaji chenye vyumba viwili, cherehani tisa na kibao kirefu kuliko uzio. Alikuwa amerekodi masomo kumi na mawili ya kuwauzia watu wanaotaka kujifunza wakiwa nyumbani. Katika kumi na moja kila kitu kinakwenda kama maji: Mkurugenzi anaeleza, mwanafunzi anashona, gauni linatoka, na mtazamaji anabaki mjinga vile vile alivyoanza.

Somo la nne ndilo lilikuwa na uhai. Mwanafunzi mmoja, dada mnene mcheshi, anashona mkono wa kulia kwenye kwapa la kushoto. Anaivaa blauzi, kiwiko kinavutwa nyuma kama mtu anayejikuna mgongoni. Anajitazama, anacheka mpaka anashika meza, kisha anafumua mshono, anatafuta alama alizozikata pembeni ya kitambaa, anaonyesha ipi ya mbele na ipi ya nyuma, anashona upya. Dakika moja na nusu. Mkasi, ambaye hajui hata kutia uzi kwenye sindano ya cherehani, aliiangalia mara moja akajua jinsi mkono unavyokaa.

Mkurugenzi alipoiona alishika kifua. "Huyu mtoe. Chuo changu hakikosei."

"Nikimtoa tunarenda upya, Mkurugenzi. Masaa sita. Na juzi iligoma ikiwa imefika tisini na tatu kwa mia."

Kwa mteja mwingine hapo kesi ingekwisha. Mkurugenzi alisimama, akafunga mkoba.

"Kumbe tatizo ni mashine. Basi itafutie dawa. Jumatatu masomo yangu yote yawe tayari, na huyo asiwemo. La sivyo nayapeleka kwa wale wa ng'ambo ya barabara. Wenzako wana mashine inayowaka taa."

Kazi ile ilikuwa ya miezi mitatu ya kodi ya chumba, kwa hiyo Mkasi hakutaka iondoke. Lakini na yule dada hakutaka aondoke. Katika masomo kumi na mawili ndiye mwalimu pekee aliyekuwemo.

Jumamosi asubuhi alikwenda dukani kununua kadi ya grafiki, kile kipande kinachochomekwa ndani ya kompyuta kuibebea kazi nzito za picha. Alifuatana na shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu aliyesoma kompyuta wiki tatu na kuzizungumzia miaka kumi. Shemeji ndiye aliyebeba kasha la kompyuta, amelikumbatia kama mgonjwa anayepelekwa kulazwa. Mlangoni wakamkuta Mkurugenzi, ambaye hakualikwa.

"Nimekuja kushuhudia," alisema.

Muuzaji, kijana mwenye ndevu zilizochongwa kwa rula, aliweka kadi ya kwanza kwenye kaunta kwa mikono miwili. Ilikuwa na feni tatu na taa zinazobadilika rangi.

"Hii ndiyo mfalme, dada."

"Shem, chukua hii," alisema shemeji, macho yamemtoka. "Feni tatu! Hii haina mpinzani."

Mkasi alitoa futi ya fundi mbao kwenye mkoba. Nafasi ndani ya kasha alikuwa ameshaipima nyumbani: sentimita ishirini na saba. Mfalme alikuwa na thelathini na tatu.

"Hapo unabadilisha kasha tu," alisema muuzaji. "Na pawa saplai. Yako ni ya wati ngapi?"

"Mia nne hamsini."

"Eeh, hiyo haitoshi. Itazima katikati ya kazi."

"Yaani kadi yenyewe inataka ijengewe nyumba na kuvutiwa umeme? Mimi nanunua kadi au naoa?"

Muuzaji alicheka, akaleta ndogo, ya feni moja. Hiyo iliingia bila shida. Mkasi alichomeka diski yake yenye somo la nne, maana alikuwa ameapa kutonunua kwa kuambiwa, ila kwa kuona kazi yake mwenyewe ikipita. Video ilicheza vizuri mpaka ilipofika pale alipoweka rangi, maandishi na picha mbili moja juu ya nyingine. Ikaganda.

"Memori yake ni ndogo," alikiri muuzaji. "Ni ya kuangalizia sinema."

Ya tatu ilikuwa ya katikati. Feni mbili, sentimita ishirini na nne, memori mara mbili ya ile ndogo, na hakuna taa hata moja. Shemeji aliitazama kama ndugu aliyefeli mtihani. Muuzaji aliifunga, akaiwekea programu yake, akabonyeza kurenda. Dakika kumi na moja, somo la nne likawa limetoka. Kwenye mashine ya dukani, mfalme alilitoa kwa dakika saba.

"Dakika nne hizo nitazitumia msalani," alisema Mkasi. "Nafunga hii ya katikati."

Alifurahi kwa muda wa pumzi moja. Alipogeuka alimwona Mkurugenzi amesogeza uso kwenye kioo, kidole tayari kimegusa skrini.

"Dakika kumi na moja! Basi mtoe yule sasa hivi, nikiwa hapa hapa."

Mkasi alifungua mdomo kumwita wakili wake, akakumbuka kwamba ndiyo kwanza amemfukuza kazi.

"Haitoki," alisema.

"Mashine imeshindwa tena?"

"Mashine inaweza. Mimi ndiye sitaki."

Shemeji alichukua boksi tupu la mfalme akaanza kusoma masharti ya waranti kwa makini sana. Muuzaji akakumbuka kwamba kaunta ina vumbi.

"Wewe hutaki? Video ya nani?"

"Yako, Mkurugenzi. Peleka ng'ambo ukipenda, faili zote nitakupa. Ila niambie kwanza: pale chuoni, kosa gani unalifumua kuliko yote?"

"Mikono," alisema kwa shingo upande.

"Mara moja kwa muhula?"

"Kwa muhula! Kila wiki. Wengine mara mbili."

"Sasa huyu anayenunua somo lako, yuko peke yake nyumbani, kiwiko kimeangalia mgongoni. Wewe hupo. Nani atamwambia akate alama?"

Mkurugenzi alimtazama yule dada kwenye skrini, aliyekuwa amesimamishwa katikati ya kicheko, meno yote nje.

"Basi iandikwe hapo chini kwamba huyu amejiunga jana."

"Ana miaka miwili chuoni. Uliniambia mwenyewe."

"Wiki iliyopita."

"Mkurugenzi."

"Basi isiandikwe kitu!" Akavuta kiti cha muuzaji, akakaa. "Lakini ile ya mimi nikipanda ngazi za chuo iongezwe iwe dakika nzima."

"Hapana."

"Na muziki uwe wa tarumbeta."

"Hapana."

"Kidevu changu je?"

"Hicho nitakipunguza."

Neno lile la kwanza lilikuwa limemtoka kama jino. Kufikia la mwisho alikuwa analisema huku akikunja waya. Mkurugenzi hakuonyesha kukasirika; alionekana kama mtu aliyepata mchezo mpya. Shemeji alibeba kasha kurudi nalo, akinung'unika njia nzima kwamba kompyuta bila taa ni friji tu.

Jumatatu masomo kumi na mawili yalitoka, la nne likiwa na mkono wake uliopinda na kicheko chake. Mkurugenzi alilipa, akasema ameridhika kiasi, na vijana wa ng'ambo hawakuliona hata faili moja.

Wiki iliyofuata alipanda tena ngazi za duka la mabomba, akihema. Alikuwa ameleta masomo ya suruali, chupa ya chai, na kiti chake mwenyewe.