BMX ya Kungwi

Kungwi akichelewa ngomani hana tofauti na mgeni aliyefuata pilau. Bibi Mwanaisha wa Newala alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana lilikuwa limeanza kumtokea. Magoti yalikuwa yamechoka. Alialikwa kuwacheza unyago wari wa Chiungutwa, akatembea na jua lote, akafika ngoma imeshapoa na kungwi mwingine anapepewa, mwanamke wa mjini aliyekuwa akipanda malori ya wanunuzi wa korosho. Bibi alikuwa mjane, watoto hana. Ukimwondolea ukungwi, alibaki ajuza mwenye ndoo tupu kwenye foleni ya maji.

Ndipo akanunua baiskeli. Zilikuwa zama za ruksa, biashara imefunguliwa, mitumba imeingia mpaka kwetu, na mnadani Masasi alikuta BMX, baiskeli ya kitoto ya Ulaya, nyekundu, fupi, yenye magurudumu namba ishirini. Wanaume walicheka. Waache wacheke. Baiskeli zao za Phoenix zina bomba la juu ambalo mimi naamini liliwekwa makusudi ili mwanamke mwenye kanga asipande. Bomba la BMX lilikuwa chini. Bibi alivaa suruali ya marehemu mumewe ndani ya kanga, akapanda mbele ya kadamnasi, akaanguka, akapanda tena.

Mimi nilikuwa mbeba ngoma wake. Ndiye aliyenicheza nilipovunja ungo, kwa hiyo ni somo yangu, na mtu akimsema vibaya mbele yangu tunagombana.

Tatizo lilikuwa yale magurudumu madogo. Mchanga wa Newala ni mzito. Bibi alikanyaga pedeli mpaka macho yakamtoka, na mimi, kwa miguu na ngoma kichwani, nikampita, nikamsubiri, nikampita tena.

Akaikokota mpaka kwa Hamidu, fundi baiskeli wa sokoni.

"Hamidu, mtoto huyu miguu mifupi. Mrefushe."

"Shikamoo, Bibi. Baiskeli hairefushwi, inanunuliwa ikiwa ndefu."

"Marahaba. Na wewe ulizaliwa unaenea kwenye ungo. Nani alikununua mrefu?"

Hamidu akaanza kazi. Kwanza alibadilisha uma wa mbele, akafunga gurudumu namba ishirini na nne, nyuma akaliacha lile dogo. Bibi akakaa kama mtu anayenyolewa ndevu. Mbingu aliiona vizuri sana, barabara hakuiona. Kwenye kijimwinuko cha sokoni gurudumu la mbele likanyanyuka, akalala chali juu ya mafungu ya mihogo ya watu.

Hamidu akageuza mambo. Alichomelea vyuma nyuma, akaweka kubwa huko, dogo likaenda mbele. Sasa Bibi akawa anateleza kutoka kwenye siti kila mara, kifua kinagonga usukani.

"Hii inanisujudisha barabarani," alisema. "Weka yote makubwa, nipumzike."

Hamidu akaweka yote makubwa. Kupima kama imekaa sawa, alilaza juu ya siti chupa yenye mafuta ya taa nusu. Kwa maji asingethubutu, Newala maji hayachezewi. Mafuta yakatulia sawa, hayakuegemea upande. Bibi akazunguka soko mara kadhaa, kanga inapepea, na hata wale waliocheka mnadani wakapiga makofi. Mimi niliona fahari.

Hakuna aliyetazama breki. Mipira yake ilibaki palepale ilipokuwa ikibana gurudumu dogo, na sasa ilikuwa inabana hewa. Msituone wajinga. Newala juu ni tambarare, ukiacha kukanyaga, mchanga unakusimamisha. Breki kwetu ilikuwa pambo la baiskeli.

Wiki hiyohiyo mwaliko ukaja kutoka Chiungutwa, chini ya mteremko. Mjumbe hakuficha: safari hii Bibi akichelewa, kijiji kizima kinahamia kwa yule wa malori. Tukatoka alfajiri. Tulipofika ukingoni, Bibi akafunga kanga vizuri, akasema bismillahi, akajiachia.

Mwanzo nilimwona akibonyeza breki. Kisha nikamsikia akimwita Hamidu, kwa sauti ambayo nadhani Hamidu aliisikia akiwa sokoni. Chini kabisa barabara ilikunja. Bibi hakukunja. Alikwenda moja kwa moja kwenye uzio wa nyasi, na uzio ule ulikuwa wa likumbi.

Kwa asiyejua: likumbi ni kambi ya jando, na mwanamke hafiki huko. Hafiki hata kwa kupotea njia. Vijana wakishaingia, mama zao hawaambiwi lolote, hata mmoja akiugua au akifa, mpaka siku ya kutoka. Bibi aliingia upande mmoja wa uzio akatokea upande wa pili, nyasi kichwani. Katikati nilisikia mayowe ya wanaume wazima, kisha vicheko vya watoto.

Mchana ule unyago ukasimamishwa, tukaitwa uani kwa Mzee Mohamedi, mkuu wa likumbi. Yule kungwi wa malori alikuwa ameshakaa barazani na mkoba wake. Wazee walisema wazi: mwanamke aliyeona mambo ya likumbi hawezi kuwa kungwi tena, asije akachanganya siri za huku na za kule.

"Bi Mwanaisha," alisema Mzee Mohamedi, kanzu yake imepasuka gotini, "umeona nini?"

"Sikuona kitu."

"Umepita katikati!"

"Nilifumba macho. Nilikuwa napiga shahada."

"Tulikusikia unamwita Hamidu."

"Nilimwita Mungu, na yeye pia."

"Hukuona kibanda?"

"Sikuona kibanda. Sikuona watoto. Na hasa, Mzee Mohamedi, sikuona mtu mzima juu ya mkorosho."

Wazee wakashikwa na kikohozi. Mzee Mohamedi akaifunika ile kanzu gotini kwa kofia yake.

"Asiyeona kitu hana kesi," alisema haraka.

Ingeishia hapo. Lakini Mama Ashraf, mwanamke wa kijiji kile, alipenya katikati ya watu akapiga magoti mbele ya Bibi. Ana mtoto mmoja tu, mwenye pumu, na tangu mtoto aingie likumbini mama mtu alikuwa hali wala halali.

"Shikamoo, Bibi. Nakuomba neno moja. Ashraf wangu yupo?"

Kikohozi kikakoma. Akisema yupo, ameona, na ukungwi umekwisha. Yule wa malori akausogeza mkoba wake karibu. Mimi nikaichukia ile baiskeli kwa moyo wangu wote.

"Mwanangu," alisema, "nimeshawaambia wazee sikuona kitu. Sirudi nyuma."

Mama Ashraf akainamisha kichwa.

"Ila nakuuliza ya nyumbani kwako. Unga unao?"

"Upo kidogo, Bibi."

"Hautoshi. Mtoto wa kiume akitoka jandoni anakula kama nzige. Wako simjui, wala sijamwona." Akamtazama Mzee Mohamedi usoni. "Lakini katwange, mama. Twanga mwingi."

Mama Ashraf aliinuka akaondoka bila kuaga. Nyumba yake haikuwa mbali. Tulimsikia akilia, na kilio kikiendelea mchi ukaanza kupiga kinuni. Wazee wote waliusikia.

Mzee Mohamedi akaiondoa kofia gotini, akaivaa.

"Bi Mwanaisha," alisema, "nenda. Wari wanakungoja."