Nilidhani video pekee ya marehemu baba imeharibika, kumbe ni mambo ya 1080i na progressive

Wakuu, habari za muda huu. Mwagonile wale wa Kyela mliomo humu.

Hii sio chai, imenikuta mimi mwenyewe wiki hii, na ndiyo kwanza napumua.

Naishi Ipinda, nina duka la pembejeo. Mzee wangu alikuwa mvuvi kule Ikombe, na mama bado yuko huko anafinyanga vyungu.

Mwaka jana dada yangu Tusajigwe aliolewa. Mzee alikuwa mtu wa kimya, hata picha za kawaida alizikwepa. Lakini siku ile alicheza mpaka watu wakamzunguka.

Miezi michache baadaye akaugua kidogo tu, akaondoka.

Kwa hiyo video ya harusi ndiyo pekee inayomwonyesha akitembea na kuongea.

Juzi mama alikuja kwangu, tunajiandaa na kumbukumbu ya mzee. Nikachomeka flash kwenye TV mpya, flat screen kubwa. Kabla ya hapo tulikuwa tunaangalia kwenye simu, na kwenye kioo kile kidogo hatukuona tatizo lolote.

Ikaanza vizuri. Watu wamekaa, picha safi.

Mzee akainuka kucheza. Wakuu, mikono yake ikachanika! Kila akisogea, pembeni inatokea mistari kama meno ya kitana. Akisimama anarudi mzima, akicheza anakatika tena.

Mama akasema, "Zima. Mbona baba yako wamemkatakata hivyo?"

"Ni TV tu hiyo, mama."

"Mimi simwangalii hivyo." Akatoka nje. Chakula hakugusa.

Nikajaribu kwenye laptop, yale yale.

Nikampigia mpiga video, jamaa anaitwa Gwakisa. Kumbe alishahamia Katumba Songwe, anapiga kazi pande zote mbili za mto wa mpakani, hadi harusi za Malawi. Nilipomweleza ile mistari, akaijua hapo hapo.

"Kaka, kamera yangu ile ilikuwa inarekodi 1080i. Nilipo-export sikuitoa interlace, halafu nikaipunguza iwe 720 ili isijaze flash. Hiyo uliyonayo haitengenezeki. Inatakiwa original."

"Unayo?"

"Nilihama na makorokoro mengi. Njoo tutafute."

Nikadandia bodaboda huku naomba Mungu.

Nifafanue kidogo kwa wasiojua, maana na mimi nilikuwa sijui. Interlaced, ndiyo ile "i" ya 1080i, inachukua picha nusu nusu: mistari ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea, halafu kufumba na kufumbua inachukua ile iliyobaki. Mtu akiwa anasogea, nusu ya pili inamkuta ameshafika mbele. Ukizigandisha pamoja bila kurekebisha, ndiyo unapata meno ya kitana. Progressive, ile "p" ya 720p au 1080p, inachukua picha nzima kwa mara moja.

TV zetu huwa zinarekebisha zenyewe, lakini faili likitoka studio vibaya, TV inaamini picha ndivyo ilivyo.

Gwakisa akamwaga mezani begi la hard disk. Ya kwanza ikagoma kabisa kufunguka. Akachomeka nyingine, akapekua mafolda, mara nikamwona dada na shela lake.

"Hii hapa!"

Wakuu, nilimkumbatia yule jamaa.

Akai-deinterlace vizuri, akatoa 1080p ya fremu hamsini kwa sekunde, tukaiangalia pale pale. Mkono mzima. Vidole vyote vipo.

Nyumbani mama alikataa kwanza kukaa, akaangalia akiwa mlangoni. Taratibu akasogea, akavuta kiti.

"Ndiye huyu," akasema.

Kuna mahali mzee anajikwaa kwenye zulia, anajifanya ndiyo staili yenyewe. Mama akacheka mpaka akashika mbavu, machozi yanamtoka. "Rudisha hapo, mwanangu." Tukarudisha mpaka wali ukapoa.

Nilichojifunza: namba kubwa isikudanganye. Kwa vitu vinavyokimbia, mpira au ngoma, 720p inaweza kutulia kuliko 1080i. Pia mwombe mpiga video wako faili la original mapema, kabla hajahama au disk haijafa.

Na ukiona mistari kwenye video ya mtu wako aliyetangulia, usiifute. Wataalamu wa video humu, nikosoeni nilipokosea. Na wewe mwenye kanda ya namna hiyo, weka hapa tusaidiane.

Ndaga fijo, asanteni sana.