Jina la Siku ya Sita

Mwaka ule wa themanini na tatu, pale Babati, hata jina liliweza kumpeleka mtu polisi. Sitanii. Sabuni ilikuwa haionekani, sukari ilikuwa ya kunong'onezana, na wahujumu uchumi walisakwa mpaka chini ya vitanda, Wahindi wenye maduka wakiwa wa kwanza kushukiwa. Sasa wewe uwe Mmbulu wa Bagara, mke wa mkulima wa mahindi, halafu balozi wa nyumba kumi asome orodha ya kaya: "Kamala!" Watu wote wanageuka kutafuta Mhindi.

Kamala hakuwa na damu ya Kihindi hata tone. Marehemu mama yake, ambaye hakuwa mtu wa kanisa, alifanya kazi za nyumbani kwa Mama Pravin, mke wa mwenye duka la vitambaa. Siku uchungu ulipomshika, mvua ilikuwa imefunga njia zote, akajifungulia jikoni mwa tajiri yake. Kwa desturi ya kwao mtoto angeitwa Tluway, yaani mvua, mambo yakaisha. Badala yake alitoka pale na jina lisilojulikana maana yake, na mama akafa kabla binti hajapata akili ya kuuliza.

Mumewe, Teodori, alikuwa amechoka. "Mama Antonia, Jumapili unabatizwa," alimwambia. "Utaitwa Genoveva, basi. Hilo lingine liache hukohuko kanisani. Jina la Kihindi mwaka huu ni kesi."

Kamala hakubishana, ila moyo ulikataa kutulia. Maharage yaliungua jikoni naye amesimama palepale. Alifika kisimani bila ndoo. Miaka ishirini na minne amelibeba jina hilo; labda lilikuwa tusi, labda lilikuwa la mbuzi wao! Lakini kulitupa bila kulijua kulimtia hofu asiyoweza kuieleza. Ijumaa akasikia sokoni kwamba Mama Pravin amefunga duka na Jumamosi anaondoka, harudi tena.

Jumamosi akambeba mtoto wake, Antonia, mgongoni akaenda stendi. Aliizunguka mara tatu, maana kusimama na Mhindi wakati ule kulikuwa kujitafutia balaa. Mara ya nne akamwona Mama Pravin yuko dirishani, ndani ya basi, akasogea.

"Shikamoo, Mama Pravin."

"Marahaba. Kamala! Umekuja kuniaga?"

"Nimekuja kuuliza. Jina langu maana yake nini?"

Mama Pravin akacheka. "Hujui? Ni yungiyungi, ua la kwenye maji. Jina la zamani, la Kisanskriti, lugha ya sala zetu. Ua lenyewe linaota topeni na tope halilishiki. Mungu wetu wa kike, yule wa baraka, anakaa juu yake."

Kamala alishusha pumzi, lakini nusu tu. "Kwa nini mimi? Mama alikuwa mfanyakazi wako tu."

Dereva alipiga honi. Mama Pravin akaanza kusema haraka haraka.

"Kwetu mama hachagui jina, mwanangu. Siku ya sita, dada wa baba anampakata mtoto, anampa jina. Mimi nilikuwa na kaka mmoja. Alikufa hajaoa. Jina nililomwekea mtoto wake nikabaki nalo, sina wa kumpa. Ulipozaliwa, siku ya sita bado mko kwangu, njia mbovu. Nikamwomba mama yako. Akasema, mpe."

Kamala akalia, hakujali nani anamwona. Maisha yake yote alidhani ametupiwa jina kama kipande cha kitambaa kilichobaki dukani. Kumbe aliwekewa akiba.

Paskasi, mgambo wa stendi, alishafika. Alimfungua mtoto mgongoni akitafuta sabuni ya magendo, mkono ukakutana na mkojo. Watu wakaangua kicheko. Paskasi hakucheka, alijifuta, akatoa daftari.

"Jina?"

Genoveva lilikuwa mdomoni, limeiva. Teodori angemshukuru.

"Kamala."

"Na huyu Mhindi ni nani wako?"

Basi lilianza kusogea. Mama Pravin alikuwa ameangalia upande wa pili, kana kwamba hamjui, asije akamwongezea binti wa watu matatizo.

"Ni shangazi yangu," alisema Kamala, kwa sauti ya kufika dirishani.

Mama Pravin akageuka.