Unyoya wa Kuku

Nikisikia harufu ya maranda ya msonobari kwa seremala wetu hapa Mafinga, nakumbuka zamani. Namwona baba katoka kiwanda cha mbao, kanilazia kichwa mapajani, nami binti yake namchokonoa sikio kwa unyoya wa kuku uliochovywa mafuta ya alizeti. Aliamini vumbi la mbao limemziba.

“Ingiza zaidi, mwanangu.”

Nikaingiza. Unyoya ukatoka na damu.

Zahanati, nesi alimulika masikio yote mawili, akaniambia mimi, maana baba hakumsikia: “Hayajaziba. Nta ya sikio ni kinga, huwa inatoka yenyewe. Msiingize kitu tena, mfute kwa nje tu. Usikivu wake umeondoka na kelele za msumeno.”

Njiani baba akauliza nesi kasemaje. Nikapaza sauti: “Utapona, baba!”

Kesho yake jioni akanilalia tena mapajani. Nikachukua kitambaa kibichi, nikamfuta sikio kwa nje, taratibu.

“Naona naanza kusikia,” akasema.

Mlangoni, mama alikuwa anamwita kula kwa mara ya tatu.