Mtoto Aliyekubali Kila Kitu

Juzi nilirudi Newala, kwenye darasa la watoto wasiosikia vizuri, kusaidia kujaza dodoso. Ni karatasi ya kupima mtoto anajithamini kiasi gani: unamsomea sentensi, naye anajibu kweli au si kweli. Binti mmoja wa miaka kumi na mbili alikubali zote. Kijana aliyeleta karatasi akafurahi, mimi nikacheka mpaka kifaa changu cha sikioni kikapiga mluzi. Usinishangae, ndugu yangu. Utotoni nilikuwa hivyo hivyo.

Nililelewa na bibi, kijijini Mnyambe. Homa kali iliondoka na masikio yangu nikiwa na miaka saba, likabaki moja linalosikia kwa mbali. Nikajifunza ujanja: mtu akinisemesha, natikisa kichwa kukubali na kutabasamu. Umelisha kuku? Ndiyo. Umeelewa hesabu? Ndiyo. Siku moja jirani akaniuliza kama ni mimi niliyeng'oa mihogo yake. Ndiyo, tena kwa tabasamu! Bibi alikwenda kuomba radhi kwa kosa ambalo hata sikulifanya.

Sasa ningefanyaje? Nikiuliza "nini?" watu walisema, "Aa, acha, si kitu." Nyumbani si kitu, shuleni si kitu. Inachosha, na inauma.

Msimu wa korosho mwalimu wetu akaja nyumbani na karatasi kama ile. Alikuwa anajiendeleza kimasomo. Alitukuta barazani tukichambua korosho, mabibo yananukia uwanja mzima. Akamwamkia bibi, akaketi, akanisomea sentensi zake. Nikatikisa kichwa kwa zote. Bibi akaangua kicheko: "Mwalimu, hebu muulize kama yeye ni mbuzi!" Mwalimu akaniuliza. Nikakubali. Wakacheka, nami nikacheka nao, sijui hata tunacheka nini; ya mbuzi nilisimuliwa baadaye.

Mwalimu ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Akavuta nyungo mbili, mmoja akauchora kwa mkaa alama ya vema, wa pili alama ya kosa. Akaandika sentensi moja moja daftarini kwa herufi kubwa, nisome mwenyewe, halafu niweke korosho kwenye ungo wa kweli au wa si kweli. Kichwa changu kilishazoea kudanganya, mkono bado.

Sentensi ya nne ilisema: "Mimi ni mzigo kwa watu wa nyumbani." Niliishika ile korosho muda mrefu. Nikaiweka kwenye kweli.

Bibi akaruka kuitoa. "Samahani, Bibi, iache," mwalimu akamshika mkono. "Hilo ni jibu lake." Bibi akapiga magoti mbele yangu, akanishika mashavu, akaniuliza taratibu ili nimsome midomo: nani kakwambia hivyo? Nikamjibu, "Nyie. Mnaposema si kitu."

Alilia, bibi yangu yule mkali! Nikaogopa kwamba nimeharibu. Kumbe kuanzia siku ile maneno hayo yakawa marufuku nyumbani kwake. Nisiposikia, anarudia, hata umbea, anarudia. Wageni wakilalamika kwamba anapoteza muda, anawakata: "Si kauliza? Basi ajibiwe." Nami taratibu nikaacha kutikisa kichwa, nikaanza kusema, "Sijasikia, rudia." Msimu uliofuata mwalimu alikuja tena na sentensi zake. Ile ya mzigo niliiwekea korosho kwenye si kweli, haraka, bila kumtazama mtu.

Yule binti wa Newala tumempima upya. Tulimpa karatasi aisome mwenyewe, akakataa sentensi tatu, na moja akasema haijaandikwa vizuri. Nilifurahi kupita kiasi.

Mnyambe nako nilipita. Baraza limeanguka, mikorosho ya bibi imekatwa, imepandwa miche mipya, na yeye mwenyewe hayupo. Nilisimama pale nikakumbuka asubuhi moja aliponieleza kwamba jirani kanunua sufuria jipya, kumbe lina tundu. Nikamwambia sijasikia. Akarudia. Nikamwambia tena, naye akarudia mpaka mara ya nne, jasho linamtoka, mikono imenishika mashavu.

Sikuwahi kumwambia kwamba nilisikia tangu mara ya kwanza. Nilipenda tu anavyorudia.