Umri wa Patrobas

Asenath Ayuma alirudi kazini Jumatatu, siku nne baada ya kumzika kakake Patrobas huko Khwisero. Ilikuwa Januari 1998. Watu wakampa pole, naye akaitikia. Hakuwa amelia, hata kaburini, na shangazi zake walikuwa wamemtazama kwa jicho la pembeni.

Alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta katika kampuni ndogo ya uchapishaji mtaani Baba Dogo. Mezani alikuta kazi ya chama cha kuzikana cha mtaa wa Mowlem: orodha ya wanachama mia sita ya kuchapwa kitabu, na kila Januari umri wa kila mmoja huongezwa mwaka. Asenath akaandika programu ya kuusaka umri popote ulipo. Ikiupata, isiubadilishe yenyewe, bali iukabidhi kwa kijiprogramu kingine, nacho kirudishe umri wa kuandikwa mahali pake.

Aliijaribu kwa majina kumi. Ishirini na tisa ikawa thelathini. Tisini na tisa ikawa mia. Ndipo akaiendesha kwa orodha nzima, akapitia majibu mstari kwa mstari, hadi akafika hapa: Patrobas Kweyu (Marehemu), miaka 35.

Patrobas alikufa akiwa na thelathini na nne.

Akangoja moyo ushtuke. Haukushtuka. Mkubwa wake, Otiende, alipoona, alimwambia taratibu kwamba angeweza kulifuta jina tu. Asenath akamweleza kuwa desturi ya chama ni marehemu kukaa kitabuni mwaka mzima.

Basi akaipanua programu ichukue mstari wote, akakiwekea kijiprogramu sharti: penye neno marehemu, rudisha umri kama ulivyokuja. Akajaribu. Thelathini na tano tena. Kumbe yeye aliandika neno hilo kwa herufi ndogo, na kwenye orodha lilianza kwa herufi kubwa. Akarekebisha, akajaribu.

Thelathini na nne. Akaweka alama ya vyema, akaendelea na mstari uliofuata.

Februari alimpelekea mamake, Everline, nakala ya kitabu cha chama nyumbani kwake Kariobangi. Mama akakifungua, akateremsha kidole polepole, kikasimama.

"Wengine wote wameongezwa," akasema. "Huyu nani amemwacha hapa?"

"Ni mimi, mama."

Mama alimshika mkono, wakakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Asenath alihisi joto la kiganja kile, basi.