Dakika Mbili za Picha

Mama Jezi alikuwa mfuaji wa nguo za timu ya mpira, mwaka wa kumi na moja sasa, na hakuna mchezaji aliyewahi kuingia uwanjani na jezi inayonuka. Nyumbani alikuwa na binti wa miaka saba mwenye ugonjwa ambao hata madaktari wengi walikuwa hawajawahi kuuona. Ngozi yake, ukiisugua kidogo tu, ilichubuka kama nyanya iliyochemshwa. Nguo zote mama alimvalisha amezigeuza, mishono ikae nje isimkwaruze. Majirani nao, ulimi hauna mfupa, walisema anamuunguza mtoto kwa maji ya moto.

Nahodha wa timu aliposikia, alimfuata kwenye chumba cha kufulia.

"Mama, niachie mimi. Jumamosi nitambeba mbele ya kamera, watu waujue huu ugonjwa, bandeji laini za kufunga vidonda vyake zipatikane."

Mama alilia palepale juu ya beseni. Nahodha alikuwa na moyo safi, wala sisemi kwa kejeli.

Jumamosi akaleta jezi ndogo yenye namba yake mgongoni. Mama akaigeuza kama kawaida. Mpiga picha akaguna: "Namba haionekani, mama. Mvalishe vizuri."

"Mama, itaniuma," binti alisema.

"Dakika mbili tu, mwanangu. Wakikuona, hawatanisema tena."

Hawatanisema! Yeye, si mtoto. Mikono iliyogeuza maelfu ya jezi ikaigeuza na hiyo. Nahodha akamnyanyua juu kwa furaha, uwanja mzima ukapiga makofi. Mtoto hakulia, alikuwa ameuma meno, na kwenye picha ile unaweza kudhani anatabasamu. Walipomvua, ngozi ya makwapa na mgongo ilitoka na jezi.

Bandeji zilikuja, makatoni kwa makatoni. Majirani wakaja na pole zao na aibu zao. Vidonda vikaingia uchafu, homa ikapanda, na siku ya ishirini mtoto akafa. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini hapa aliyeliwa ni yule ambaye hakuchuma kitu.

Baada ya maziko, nahodha alirudi kwenye chumba cha kufulia, macho yamevimba.

"Mama, nimekuulia mtoto. Sitambeba tena mtoto wa mtu."

"Wapo wengine wenye ugonjwa huu, na bandeji wanazihitaji. Endelea." Alikamua soksi mpaka ikaacha kudondosha maji. "Ila usimuulize mama. Mimi uliniuliza, nikakubali mbiombio. Muulize mtoto."